Somo: Begi la kulala porini tunalipanga kuanzia usiku

Wakuu, wengi mmeniuliza mbebe nini mkienda kulala msitu wa Pugu-Kazimzumbwi, kule Kisarawe. Kibali kwanza, kwa Wakala wa Huduma za Misitu. Ulizeni hapohapo kama kuwasha moto na kuokota kuni kunaruhusiwa, maana jibu linabadilisha begi zima.

Hatua ya 1. Tandika mkeka sebuleni, begi likae pembeni. Jiulize: saa nane usiku mvua ikinyesha, nitakuwa nimelala juu ya nini, chini ya nini? Majibu yako ndiyo vitu vya kwanza kuwekwa mkekani. Mimi naweka turubai la meta 3 kwa 3, kamba ya manila, jamvi, shuka zito na chandarua. Chandarua usikiache. Kwa joto la Pwani utajifunua tu, na mbu wanasubiri.

Hatua ya 2. Maji. Nahesabu lita 4 kwa mtu kwa siku, za kunywa na kupikia. Lita moja ni kilo moja, kwa hiyo siku mbili ni kilo 8 kabla hujagusa unga. Hapo utaona mwenyewe kwamba kile kiti cha kukunja kinabaki nyumbani. Tumia chupa za lita moja na nusu, uzisimamishe upande wa mgongo. Dumu linakuyumbisha kila hatua.

Hatua ya 3. Panga moja, fupi, lenye ala. Hili nalisema kwa uchungu. Safari yangu ya pili nililifunga kwa gazeti nikalichomeka begini. Tukiwa tunapanda kilima ncha ikatoboa gazeti, ikapasua chupa mbili. Nilipofungua, shuka lilikuwa linachuruzika na unga umekuwa uji. Ala unatengeneza mwenyewe: kata kipande cha dumu kuukuu, kikunje, toboa pembeni kwa msumari wa moto, shona kwa waya.

Hatua ya 4. Viberiti viwili vya gesi, kimoja mfukoni kimoja begini. Tochi, betri za akiba, sufuria moja, chumvi.

Hatua ya 5. Livae begi lililojaa, tembea mtaani nusu saa. Linalokuumiza bega huku mtaani Tabata, Dar, punguza palepale.

MASWALI

Mkuu, buti mpya ni ghali. Raba zinafaa?
Mchana zinafaa, ila buti zinazofunika kifundo zinakukinga zaidi na miiba na nyoka. Katafute mitumba ya soko la Karume, Dar, uzivae wiki nzima kabla ya safari.

Na mtu akiumwa na nyoka?
Usichanje, usinyonye, usifunge kamba kwa kukaza. Atulie, kiungo kisitikisike, awahishwe hospitali. Kwa hiyo kabla ya kulala kila mmoja ajue njia ya kufika barabarani na simu ziwe na chaji.

Kaka, orodha hii inatosha Uluguru?
Hapana dada. Kule vilele vinapita meta 2,600, usiku ni baridi kali. Ongeza sweta, soksi nzito na blanketi, uvifunge ndani ya nailoni.