Kutembea msitu wa Amani, uanzie wapi

Watu wengi wakija Amani, huku Usambara Mashariki, Tanga, wanaupita msitu kama wanawahi daladala afu wakirudi wanasema hawajaona kitu. Mi napeleka watu mle mara kwa mara, fanya hivi.

1. Kwepa Machi mpaka Mei. Masika ya huku si mchezo, ule udongo mwekundu ukilowa unateleza kama sabuni. Miezi mingine pia mvua inakukuta tu, beba koti.

2. Toka Muheza mapema, gari za kupanda Amani ni chache na ukiikosa ndo basi tena. Toa hela kwenye simu kabisa ukiwa hukohuko, juu mtandao unakatakata.

3. Chomeka suruali ndani ya soksi. Usinicheke. Siku moja nimesimama napiga picha kumbe nimekanyaga njia ya siafu, nakuja kushtuka wako magotini, nikavua suruali mbele ya wageni niliowaleta mwenyewe.

4. Ukitembea tazama chini, ukitaka kutazama juu simama. Mizizi imekatiza njia kila mahali.

5. Hapa ndo penyewe: si kila mti mkubwa ni mzee. Okota jani chini. Likiwa na meno meno pembeni na shina lina michirizi ya kushuka, huo ni mhesi, ulipandwa na watu karne iliyopita, unakua haraka balaa, hondohondo, wale ndege wa mdomo mkubwa, wanakula matunda yake wanaenda kutupa mbegu kila kona ndo maana umeuvamia msitu. Wageni wanaukumbatia huo wanapiga picha, mi nanyamaza kwanza. Sasa tafuta mnyasa: majani madogomadogo kama ya mkwaju, na mizizi imesimama kama kuta, mtu mzima anajificha katikati usimwone. Gonga ule ukuta na ngumi, unalia kama ngoma.

6. Ukishaupata kaa chini dakika kumi, simu mfukoni. Hondohondo utamsikia kabla hujamwona, mabawa yanavuma kama mtu anakung'uta turubai, na mbega wakishakuzoea wanaanza kurukaruka juu yako.

7. Saa tisa geuza. Mle chini ya miti giza linaingia mapema kuliko nje, ukichelewa we unapapasa njia na tochi.