-ta- ni moja, Kiingereza kina njia nyingi: jinsi ya kusema ya kesho bila kubandika "will" kila mahali

Nafundisha Kiingereza jioni hapa Kampala. Wanafunzi wangu wengi ni Wakongo, na wapo Wakenya na Watanzania wachache waliokuja kwa biashara. Anayefikiri kwa Kiswahili huwa namtambua kwa neno "will": amelikariri kuwa ndiyo -ta- na analipachika popote. Simlaumu. Kwetu -ta- hubeba karibu kila jambo la kesho. Kitenzi cha Kiingereza kina umbo la sasa na la jana, la kesho hakina, kwa hiyo Kiingereza huazima huku na kule.

Hatua ya 1: Jiulize, nimeamua lini?

Umefika dukani, muuzaji anasema sukari imekwisha. Unajibu: "OK, I'll take honey." Uamuzi umezaliwa pale pale, kwa hiyo "will". Lakini kama ulitoka nyumbani ukiwa umeshakusudia, na jirani akakuuliza unaenda wapi, sema: "I'm going to buy sugar." Kiswahili kinaweza kusema "nitanunua" kote kuwili; Kiingereza kinataka kujua wazo ni la lini. Ahadi nazo, na makisio ya kichwani mwako tu, huchukua "will". Ukiongea, fupisha: "I'll". Ukitamka "I will" kwa ukamilifu kila mara, utasikika kama mtu anayekula kiapo.

Hatua ya 2: Kuna mtu anayekungoja?

Kama mmeshapatana na mwenzako, tumia umbo la kitendo kinachoendelea: "I'm meeting the landlord on Friday." Hapa Kiswahili kinakusaidia, maana nasi husema "Ijumaa ninakutana na mwenye nyumba". Usisahau kutaja siku, la sivyo msikilizaji atadhani mwenye nyumba yuko mbele yako sasa hivi.

Hatua ya 3: Ni ratiba?

Basi, mtihani, mechi: umbo la kawaida la sasa linatosha. "The Mbarara bus leaves at six." Angalia saa lakini! Ni saa kumi na mbili asubuhi kwetu, na hata Waganda kwa Luganda huhesabu hivyo hivyo. Mwanafunzi wangu mmoja alimwambia mgeni wake "at twelve". Mgeni akafika stendi saa sita mchana, basi linaingia Mbarara.

Hatua ya 4: Mtego wa "nitakapofika"

Hapa ndipo ninapomaliza wino mwekundu. "Nitakapofika nitakupigia" ina -ta- mbili, basi mtu anaandika "When I will arrive, I will call you." Sahihi ni "When I arrive, I'll call you." Baada ya "when", "if", "until", "before", "after" na "as soon as", kitenzi hubaki katika umbo la sasa, "will" hukaa upande wa pili wa sentensi. Wakongo waliosoma kwa Kifaransa wananaswa mara mbili, kwa sababu Kifaransa nacho huweka wakati ujao baada ya "quand".

Dawa ninayowapa: kabla ya kutafsiri, geuza "nitakapofika" iwe "nikifika". Ile -ta- imepotea yenyewe, na Kiingereza kinataka hivyo hivyo.

Atanyoosha mkono mtu aulize: mbona tunasema "When will you arrive?" Swali zuri. Hapo "when" ni "lini", siyo -po-. Ndiyo maana "Sijui atakuja lini" ni "I don't know when he will come." Ukisikia "lini" kichwani, acha "will" ikae. Ukisikia -po- au -ki-, iondoe.

Hatua ya 5: Mvua haitaki kitu

Wingu zito limepanda kutoka upande wa ziwa, na darasa linasema "It wants to rain." Kwetu mvua hutaka kunyesha na fenesi hutaka kuanguka, lakini Kiingereza sanifu hakiwapi matakwa. Dalili ukiiona kwa macho, sema "It's going to rain." Kama imebaki kidogo kabisa: "It's about to rain."

Hatua ya 6: "Nifungue dirisha?"

Usiseme "I open the window?" wala "Will I open?" Kujitolea kufanya jambo ni "Shall I open the window?" Zaidi ya hapo "shall" huisikii sana mitaani.

Hatua ya 7: "Nitakuwa nimefika"

Hii ni zawadi, inaenda neno kwa neno: "I will have arrived." Na "nitakuwa ninapika" ni "I will be cooking." Songa mbele.

Jaribu hii bila kuchungulia chini: "Kesho ninaonana na daktari saa nne. Nitakapotoka nitakupigia. Ukifika kabla yangu, nisubiri getini."

Jibu langu: "I'm seeing the doctor at ten tomorrow. I'll call you when I come out. If you get there before me, wait for me at the gate." Kama umeandika "at four", rudi hatua ya 3.