Somo: Kumpata malkia wa nyuki wadogo porini na kumlea mzingani

Kila wiki naulizwa hili, kwa hiyo naandika mara moja. Nazungumzia nyuki wasiouma, wale wa mashimo ya miti na nyufa za kuta.

1. Tafuta mlango. Asubuhi jua likishapata nguvu, angalia kijimrija cha nta kilichochomoza kwenye shina, walinzi wakiwa mdomoni.

2. Andaa kisanduku cha mbao kavu, nene, isiyopakwa rangi.

3. Mti ulio hai usikatwe. Subiri shina lililoanguka au ukuta unaobomolewa. Hifadhini usiingie bila kibali.

4. Pasua taratibu. Toa majana (masega yenye mayai na watoto wa nyuki) kwanza, asali baadaye.

5. Kuhamisha majana. Hapa ndipo nilipoua kundi langu la kwanza. Nyuki wakubwa, wale wanaouma, hulisha majana yao kila siku. Hawa wadogo hawafanyi hivyo. Vibarua (nyuki wafanyakazi) hujaza kijumba, yaani kitundu kimoja cha sega, chakula cha majimaji, malkia hutaga yai juu yake, kisha kijumba huzibwa hapo hapo. Ukipindua sega, yai linazama na kufa. Mimi nilibeba majana kwenye ndoo, nyuma ya pikipiki, yakafika yamelala ovyo. Baada ya siku chache kisanduku kilinuka uchachu, mbawakawa wadogo weusi wakaingia, kundi likaisha. Tia alama upande wa juu KABLA ya kung'oa sega. Beba mkononi, tembea. Masega yenye rangi iliyokolea ni mapya, ndiyo yenye mayai. Yaliyopauka yamekomaa na yanavumilia zaidi. Chini ya sega weka vijipira vya nta, nyuki wapate pa kupita.

6. Malkia ana tumbo lililovimba na hawezi kuruka. Usimbane kwa vidole, mwache apande kwenye kipande cha sega. Usipomwona, kagua kingo za masega: kijumba kikubwa kuliko vingine kina malkia mtarajiwa. Hamisha sega hilo kwa uangalifu.

7. Vyungu vya asali (vifuko vya nta wanamohifadhia asali) vilivyopasuka visiingie kisandukuni.

8. Ziba nyufa, bandika mrija wao wa zamani mlangoni, acha kisanduku pale pale mpaka giza liingie ili waliokwenda kutafuta chakula warudi.

MASWALI

Swali: Mkuu, wangu wamekufa wote wiki ya pili. Tatizo nini?
Jibu: Masega yalikaa upande gani?
Swali: Sikuangalia, nilikuwa na haraka.
Jibu: Namba 5.

Swali: Unauza malkia peke yake? Nina kisanduku tayari.
Jibu: Siuzi. Malkia bila vibarua hajilishi wala hajengi. Nimeeleza kuhamisha kundi zima, soma tena.

Swali: Shikamoo mwalimu. Kama malkia haruki, makundi mapya yanatokea wapi?
Jibu: Marahaba dada, umeuliza la maana. Kwa nyuki wakubwa mama, yaani malkia mzee, ndiye anayehama. Kwa hawa mama hubaki, binti ndiye huondoka. Vibarua hutangulia kukagua shimo, wakibeba nta na chakula kutoka nyumba ya mama, safari nyingi, ndipo malkia kijana afuate. Kwa hiyo unaweza kuwategea bila kupasua chochote: chukua chupa ya soda ya lita 2, ipake ndani gundi ya nyuki (utomvu wanaozibia nyufa) iliyoyeyushwa kwenye spiriti, ikauke kabisa, funika kwa gazeti na mfuko mweusi, funga kivulini karibu na kundi lenye nguvu. Huenda ukangoja miezi. Wakiingia, usiwaguse mpaka wamejenga vizuri.

Swali: Na siafu je?
Jibu: Weka kisanduku juu ya meza, miguu ya meza ndani ya makopo yenye oili chafu. Kata majani yanayogusa kisanduku, maana huko ndiko wanakopitia.

Swali: Mimi asali navuta kwa bomba jipya la sindano, vyungu havibomoki.
Jibu: Vizuri sana kaka. Acha vyungu vya kutosha kwa msimu wa mvua ndefu.