Kubeti farasi wa viunzi ukiwa Tanga

Waliozoea kusuka mkeka wa mpira pale Ngamiani huanza na odi. Kwa farasi, anza na ardhi. Mvua ikinyesha Cheltenham, uwanja wa mbio huko Uingereza, ardhi huwa nzito, na farasi aliyezoea ardhi kavu huishiwa pumzi kwenye kilima cha mwisho.

Mbio za Daraja la 1, yaani za ngazi ya juu kabisa, hazina handikapu (kumwongezea uzito farasi bora ili wengine wamfikie): uzito ni uleule, jike hupunguziwa ratili 7. Kwa hiyo aliye bora hafungwi mzigo wa ziada.

Rekodi ya farasi isome kutoka kulia; huko ndiko kwenye mbio za karibuni. F ameanguka, U amemwangusha mpandaji, P amesimamishwa njiani. F moja isikutishe. P mbili mfululizo? Mwache.

Dau la pande mbili ndipo wengi wanapoliwa. Ukiweka sh 1,000 unalipa 2,000: nusu ya ushindi, nusu ya nafasi (kumaliza kati ya wa mwanzo). Wakikimbia 8 au zaidi, kawaida nafasi ni 3, na nusu ya nafasi hulipwa kwa moja ya tano ya odi. Farasi wa 10/1 (yaani 11.00 kwenye simu yako) akiwa wa tatu unapata 3,000. Wa 3/1 anakurudishia 1,600, umepoteza 400! Na akijitoa mmoja wakabaki 7, nafasi ya tatu hailipwi tena. Hesabu farasi dakika za mwisho kabla hujatuma hela.

Katikati ya Machi, wakati wa tamasha la Cheltenham, saa za Tanga ziko mbele ya Uingereza kwa saa 3.