Kabla ya kufungua tyubu ya retinoidi: mambo ya kuzingatia kwa mwenye chunusi Dodoma

Wengi wanaoacha krimu ya retinoidi hawaiachi kwa sababu imeshindwa kazi. Wanaiacha wiki ya pili au ya tatu, uso umekakamaa, mashavu yanabanduka, maji ya kunawa yanachoma, na chunusi zenyewe zinaonekana kuongezeka. Kwa ngozi nyeusi hasara huwa mara mbili, maana palipoungua hubaki doa ambalo linaweza kukaa miezi mingi kuliko chunusi iliyolileta. Sehemu kubwa ya haya huzuilika kabla ya usiku wa kwanza, na kwa mtu wa Dodoma maandalizi yana uzito zaidi kuliko kwa mtu wa pwani: hewa yetu ni kavu, jua ni kali, na maji ya sehemu nyingi yana chumvi.

Retinoidi ni jamii ya dawa zinazotokana na vitamini A. Ya kupaka inayoandikwa zaidi ni tretinoini, ambayo huja kwa nguvu ya asilimia 0.025, 0.05 au 0.1. Dada yake ni adapaleni ya asilimia 0.1, ambayo kwa kawaida ni pole zaidi na huwasha kidogo kuliko tretinoini. (Kwenye boksi majina haya huandikwa bila ile “i” ya mwisho.) Chunusi huanzia ndani ya kitundu cha kinyweleo, pale seli zilizokufa zinapogandamana na mafuta ya ngozi na kuziba njia. Retinoidi huzuia kule kugandamana. Kwa hiyo hupakwa eneo zima linalotoa chunusi, wala haidonolewi juu ya kipele kimoja kimoja: inawahi zile ambazo bado hazijatokeza. Kwa sababu hiyo hiyo haina haraka. Hesabu wiki 8 hadi 12 kabla ya kuhukumu.

Hakikisha kwanza kwamba ulicho nacho ni chunusi. Vipele vya kidevuni na shingoni vinavyozuka siku mbili baada ya kunyoa mara nyingi ni ndevu zilizojikunja na kurudi ndani ya ngozi. Vipele vidogo vilivyopangana kwenye paji la uso, sambamba na mstari wa nywele, mara nyingi vinatokana na mafuta mazito ya nywele, na huanza kupungua ukiacha kuyapaka. Ukiwa na uvimbe mkubwa, wa ndani, unaouma na kuacha makovu, krimu peke yake haitatosha na kuchelewa kutakugharimu ngozi. Kwa hali hiyo nenda hospitali, iwe Benjamin Mkapa au ya Rufaa ya Mkoa ambayo wenyeji bado wanaiita General, uulizie daktari wa ngozi. Retinoidi ni dawa ya cheti. Duka la dawa muhimu la mtaani halina ruhusa ya kuuza kila kitu, kwa hiyo cheti chako kipeleke famasi yenye mfamasia.

Kwa mwanamke, swali la mimba halina njia ya mkato. Kama una mimba, unaitafuta, au siku zako zimechelewa, usianze. Kiasi cha tretinoini kinachopenya kutoka kwenye ngozi kuingia damuni ni kidogo, lakini vidonge vya jamii hiyo hiyo, isotretinoini, vinajulikana wazi kwa kuharibu mtoto tumboni, na chunusi si ugonjwa wa kuufanyia bahati nasibu. Ukigundua una mimba huku unatumia krimu, acha siku hiyo hiyo na umwambie daktari au mkunga. Hakuna haja ya kuchanganyikiwa. Anayenyonyesha naye aseme mapema, na asipake mahali mtoto anapogusisha uso au mdomo.

Sasa mkorogo, ambao ndio unaoharibu mipango ya wengi. Serikali ilishapiga marufuku haidrokwinoni na zebaki kwenye vipodozi, lakini tyubu ndogo zenye steroidi kali (dawa za kutuliza uvimbe na mwasho wa ngozi) bado zinauzwa kama krimu za “kung’arisha”. Mtu anapaka, chunusi zinatulia wiki mbili tatu, anasifu, kisha zinarudi nyingi na za aina moja, ngozi ya uso imekuwa nyembamba na nyekundu kwa ndani. Soma ulichonacho nyumbani kabla ya kwenda kwa daktari. Ukikuta betamethasone, clobetasol, mometasone au fluocinolone, hiyo ni steroidi. Ukikuta tretinoini imeandikwa pamoja na haidrokwinoni na steroidi kwenye tyubu moja, hiyo ni dawa ya mabaka meusi, ya muda mfupi na chini ya uangalizi, na si dawa ya chunusi hata kama muuzaji anaapa. Beba tyubu zote kwenye mfuko, hata zile unazoona aibu kuzionyesha. Aliyetumia steroidi usoni kwa miezi huhitaji mpango wa kuiacha, na kuanzisha retinoidi juu ya ngozi hiyo ni kumwaga chumvi kwenye kidonda.

Baada ya hapo angalia unachonawia. Maji yenye chumvi na chokaa hayapendani na sabuni: povu halishiki, kisha unabaki utando usoni unaovuta ngozi. Ukichanganya na sabuni ya mche au sabuni yenye dawa, kinga ya ngozi inakuwa imeshachubuka kabla retinoidi haijafika. Tafuta sabuni ya uso isiyo na harufu, ya maji au ya kipande laini, na unawe mara mbili tu kwa siku. Maji ya mvua uliyokinga vizuri yanafaa sana kwa kazi hii. Lita moja inatosha uso kwa siku. Tafuta pia losheni ya uso nyepesi ambayo boksi lake linasema haizibi vinyweleo. Anza kuitumia wiki mbili kabla ya dawa. Ikiwa losheni yenyewe inachoma, ngozi haijawa tayari.

Miezi ya Juni hadi Agosti, upepo mkavu ukivuma na usiku ukiwa baridi, ngozi hubanduka hata bila dawa yoyote. Asiye na haraka anaweza kuanza mvua zikishika, Desemba au Januari. Anayeanza kiangazi apunguze mwendo, nitaeleza chini.

Jua lisidharauliwe kwa sababu ngozi ni nyeusi. Mji huu upo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, mawingu ni machache nusu ya mwaka, na retinoidi huifanya ngozi iungue kirahisi. Kinachoongeza weusi wa madoa ni mwanga huo huo. Nunua krimu ya kukinga jua yenye SPF (kipimo cha kinga ya jua kinachoandikwa kwenye boksi) 30 au zaidi, na uinunue pamoja na dawa. Kama fedha inatosha kimoja tu, subiri mwezi ujao. Kipimo cha uso na shingo ni mistari miwili ya krimu kwenye urefu wa vidole viwili, na hurudiwa kila saa mbili ukiwa nje. Baadhi huacha uso mweupe kama umepakwa unga. Jaribu zile zenye rangi. Kofia ya ukingo mpana au mtandio husaidia kuliko watu wanavyodhani, hasa kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni. Ukiwa unameza doxycycline, ambayo ni antibiotiki, iwe kwa chunusi au kwa sababu nyingine, kumbuka nayo huongeza kuungua na jua.

Ondoa pia vinavyogombana na dawa. Sabuni ya salfa, maji ya asidi salisiliki, limao, dawa ya meno juu ya kipele, liwa ya kusugulia: vyote viwekwe kando. Wenye mashamba ya zabibu wanaopuliza salfa ya unga wafunike uso na kunawa mara tu wanapotoka shambani, na usiku huo wasipake. Benzoili peroksaidi ni dawa nzuri ya chunusi, lakini tretinoini nyingi huharibika zikikutana nayo. Ukiandikiwa zote mbili, benzoili huwa ya asubuhi na tretinoini ya usiku. Adapaleni haina tatizo hilo.

Saluni nayo ina mambo yake. Baada ya kunyolewa, kinyozi hupaka spiriti, kisha dada wa huduma anakuja na skrabu na taulo la moto. Kwa ngozi yenye retinoidi huko ni kuchubuliwa. Sema kabla hujakaa kwenye kiti: “Kaka, leo sitaki spiriti wala skrabu.” Usipake dawa usiku wa kabla ya kunyoa na usiku wa baada yake. Kwa wanaong’oa nywele za uso kwa nta, simamisha dawa wiki nzima kabla, la sivyo nta huondoka na ngozi.

Angalia na kalenda. Kama kuna send-off, harusi au mahafali ndani ya wiki sita zijazo, ahirisha kuanza, kwa sababu kati ya wiki ya pili na ya sita chunusi zilizokuwa njiani hutoka kwa pamoja. Picha za harusi hazisubiri.

Usiku wa kwanza uende hivi. Nawa, kausha kwa kugandamiza taulo bila kusugua, kisha kaa dakika 20 hadi 30. Ngozi yenye unyevu hunyonya dawa haraka na kuwashwa zaidi. Hapa ndipo wenye haraka wanapokosea. Paka safu nyembamba ya losheni. Toa krimu yenye ukubwa wa punje moja ya mbaazi, na hiyo ni ya uso wote. Igawe nukta tano: paji la uso, pua, mashavu mawili, kidevu. Sambaza kwa ncha ya kidole ukienda nje, na uache sentimita moja kuzunguka macho, pembe za pua na pembe za mdomo, ambapo dawa hujikusanya na kupasua. Malizia na losheni tena. Nawa mikono. Zima taa ulale, kwani mwanga huiharibu tretinoini na ndiyo sababu haipakwi asubuhi.

Rudia baada ya usiku tatu. Wiki mbili za kwanza paka mara mbili kwa wiki, wiki mbili zinazofuata usiku mmoja ndiyo mmoja hapana, na baada ya hapo kila usiku kama uso unaruhusu. Kiangazi, kila hatua iongezewe wiki moja. Kubanduka kidogo na hisia ya kuvutwa ni kawaida: ruka usiku mmoja au miwili, ongeza losheni. Kuvimba, malengelenge, majimaji kutoka kwenye ngozi, au macho kuvimba si kawaida. Acha na urudi kwa aliyekuandikia. Usiongeze kiasi kwa kudhani utapona mapema.

Tyubu yenyewe itakupa ushahidi. Punje ya mbaazi ni kati ya robo na nusu gramu, kwa hiyo tyubu ya gramu 20 inapakwa usiku 40 hadi 80. Ikiisha ndani ya wiki mbili, unapaka karibu gramu moja na nusu kila mara, na mashavu yatakuwa yameshasema hivyo kabla ya hesabu. Andika tarehe ya kufungua kwa kalamu juu ya boksi, funga kifuniko mpaka kikaze, na uiweke kwenye kabati la chumba chenye ubaridi. Dirishani hapana, na kwenye dashibodi ya gari la Oktoba hapana kabisa: ndani ya saa chache krimu hutengana, mafuta yakawa juu na maji chini, na hapo hujui tena kila ncha ya kidole inabeba dawa kiasi gani.