Kutunga sheria zako za vita vya majeshi makubwa kwa vizibo, kadibodi na dadu

Mpwa wangu wa Kirumba, hapa Mwanza, na wenzake walitaka kupiganisha majeshi ya mazimwi, waganga na wapanda fisi. Walikuwa na daftari limejaa sheria: kila askari na silaha yake, kila silaha na namba yake. Zamu moja ilikula mchana, na jua lilizama majeshi hayajagusana. Tuliketi tukaanza upya, na utaratibu tulioufuata ni huu. Unafaa kwa yeyote anayetaka mchezo wa vikosi kumi kila upande unaokwisha jioni moja.

Hatua ya kwanza: amua mchezaji ni nani

Mchezaji ni jemadari. Yuko nyuma, pengine juu ya jiwe, anatazama vumbi. Anajua kikosi cha kulia kinasonga, cha kati kimechoka, cha kushoto kinataka kukimbia. Mkuki wa nani umemchoma nani, hajui na haimhusu. Pitia kila sheria uliyoandika ukijiuliza kama jemadari angeshughulika nayo. Kama asingeshughulika nayo, ifute leo, maana kesho utaanza kuipenda.

Hatua ya pili: vikosi na uwanja

Tafuta vizibo vya soda, vile vya kuchezea drafti; omba grosari yoyote watakupa bure. Kizibo kina upana wa sentimita tatu na kidogo, kwa hiyo vinane, yaani kikosi kimoja, katika safu mbili za vinne vinakaa vizuri kwenye kadibodi ya sm 13 kwa sm 6.5. Bandika kwa gundi ya mbao, halafu simamisha askari wa udongo au wa karatasi ngumu juu ya kila kimoja. Mwenye sanamu za kununua azitumie, mradi kadibodi zote ziwe na upana mmoja. Kadibodi zikitofautiana, ugomvi wa nani anamgusa nani hauishi.

Siafiki kung'oa askari mmoja mmoja anapouawa. Kikosi kikipigwa, weka punje ya mahindi juu ya kadibodi kwa kila pigo. Punje nane, kikosi kinaondoka mezani.

Uwanja ni plaiwudi nzima, futi nane kwa nne, yaani sm 244 kwa sm 122, au chora kwa chaki sakafuni. Mawe Mwanza hatukosi: okota matano, yatawanye, na kikosi hakipiti juu ya jiwe.

Hatua ya tatu: mwendo

Waenda kwa miguu sm 15, wapanda fisi sm 25, zimwi sm 20. Kikosi kinageuka mara moja tu kabla ya kuondoka, kwa kushikilia kona moja ya mbele, bila kuzidi nusu ya pembe mraba. Pima kwa futi ya fundi cherehani.

Namba hizi zina sababu. Kila jeshi likianza sm 25 kutoka ukingo wake mrefu, katikati panabaki sm 72. Waenda kwa miguu wa pande zote mbili wakisonga wanapunguza sm 30 kila raundi, hivyo wanagusana raundi ya tatu. Raundi mbili za kupanga mbinu zinatosha. Ukibadilisha meza, piga hesabu hii upya.

Hatua ya nne: mapigo

Daftari la vijana lilitaka dadu zirushwe mara tatu: kwanza kuona kama umelenga (4 au zaidi), kisha kama umejeruhi (4 au zaidi), kisha adui arushe kuona kama ngao imemwokoa (5 au zaidi). Fuata hesabu. Nusu ya nusu ni robo. Ngao inashindwa mara mbili kati ya tatu, na theluthi mbili za robo ni moja ya sita. Maana yake dadu kumi na mbili zilizopita mirusho mitatu zinaleta mapigo mawili kwa wastani, sawasawa kabisa na dadu kumi na mbili zilizorushwa mara moja zikitafuta 6. Mirusho mitatu inakula muda na hailipi chochote.

Tumia mrusho mmoja. Ubora wa anayepiga uonekane kwenye idadi ya dadu: wakulima 4, askari 6, wapanda fisi 8. Ulinzi wa anayepigwa uonekane kwenye namba inayotafutwa: asiye na ngao 4 au zaidi, mwenye ngao 5 au zaidi, mwenye vazi la chuma 6. Dadu za ludo zinatosha.

Hatua ya tano: moyo

Hapa ndipo jioni zetu nyingi zilipoishia, na ndipo mchezo unapofaulu au kufa. Jeshi linashindwa linapokimbia, na linakimbia kabla ya wengi wake kufa. Mwenye kuona mashindano ya Wagika na Wagalu, vyama viwili vya ngoma kule Usukumani, anaelewa: ushindi ni wa anayevuta watu, na umati ukianza kumeguka pembeni, waliobaki katikati nao wanageuza shingo. Sheria zako lazima zionyeshe kumeguka huko.

Kila kikosi kina namba ya moyo: wakulima 7, askari 8, walinzi wa mtemi 9. Rusha dadu mbili ujumlishe. Ukipata namba hiyo au chini yake, kimesimama. Kati ya matokeo 36 ya dadu mbili, moyo wa 7 unasimama mara 21, wa 8 mara 26, wa 9 mara 30, wa 10 mara 33. Angalia pengo linavyopungua. Ukimpunguzia mtu alama moja kutoka 7, anapoteza nafasi sita. Ukimpunguzia wa 10, anapoteza tatu. Hofu ileile inawaumiza wakulima maradufu, na ndivyo inavyotakiwa, ila ujue hivyo kabla hujaanza kugawa adhabu.

Sasa tatizo lenyewe. Toleo la kwanza liliamuru kikosi kijaribiwe kikipigwa, kikivamiwa ubavuni, jirani akikimbia, na zimwi likitokea. Kila sheria ukiisoma peke yake ina akili. Lakini moyo wa 8 ukijaribiwa mara tatu, nafasi ya kusimama zote tatu haifiki nne kati ya kumi. Ukiongeza jaribio la nne, inakaribia robo. Kikosi cha pembeni kilikimbia, jirani akajaribiwa akakimbia, na wa pili yake hivyohivyo. Mpwa wangu akashika kichwa: "Mjomba, wameisha wote? Hata sijasogeza mtu!"

Tiba ni tatu, na zote zinahitajika pamoja.

Kwanza, kila kikosi kinajaribiwa mara moja tu kwa raundi, mwishoni, sababu zote zikijumlishwa: toa 1 kikiwa na punje nne au zaidi, toa 1 jirani wa ndani ya sm 15 akiwa amekimbia raundi iliyopita, toa 2 kikivamiwa ubavuni au mgongoni, ongeza 1 jemadari akiwa ndani ya sm 20. Adhabu zote kwa jumla zisizidi 3.

Pili, zingatia hilo neno "raundi iliyopita". Hofu inasafiri baada ya raundi kwisha, kwa hiyo jemadari anapata zamu moja ya kukimbilia pengo. Zamu hiyo ndiyo utamu wote wa mchezo, na nimeona watu wakisimama kuizunguka meza kwa ajili yake.

Tatu, kushindwa mara ya kwanza ni kuyumba tu: kikosi kinarudi nyuma sm 10 na hakishambulii raundi inayofuata. Kikishindwa tena kabla jemadari hajakifikia, kinatoweka.

Dadu zikitoa sita mbili, kikosi kinashindwa daima; zikitoa moja mbili, kinasimama daima.

Hatua ya sita: uchawi na mazimwi

Kila uchawi uguse namba iliyokwisha kuwapo: mwendo, dadu, ulinzi au moyo. Usitunge utaratibu mpya. Wingu la wadudu wa ziwani likishuka, wapiga mishale waliofunikwa wanatumia nusu ya dadu. Tope la mpunga linapunguza mwendo nusu. Mganga anayeroga hasogei zamu hiyo.

Shing'weng'we wetu, lile zimwi la hadithi za Kisukuma, anarusha dadu tano tu, lakini kila adui ndani ya sm 20 anatolewa 1 ya moyo, ndani ya ile adhabu ya juu ya 3. Vijana walitaka awe anameza vikosi vizima kama kwenye hadithi. Niliwakatalia, maana kikosi kilichomezwa hakimpi jemadari uamuzi wowote, ila kikosi kinachotetemeka kinamlazimisha achague.

Hatua ya saba: bei ya vikosi

Bei ni alama anazogharimu kila kikosi, ili majeshi mawili yalingane. Kadiria, cheza, badilishaneni majeshi, chezeni tena. Jeshi likishinda mikononi mwa wote wawili, lipandishe bei.

Hatua ya nane: majaribio

Andika sheria zote kwenye kurasa mbili za kaunta buku, si zaidi. Wape watu wawili ambao hawakuwapo mlipokuwa mkizitunga, ukae kando na kalamu bila kujibu swali lolote. Kila wanapobishana, andika namba ya sheria. Wakimaliza, anza na ile iliyoandikwa mara nyingi zaidi.