Swichi za chaja ya betri: ipi iguswe, na lini

Soma betri kabla ya kugusa chaja. Ubavuni pameandikwa volti na Ah (ampea-saa, yaani kiasi cha umeme inachobeba). Gari ndogo ni 12. Malori mengi hufungwa betri mbili za 12 kupata 24. Vespa za zamani zipo za 6. Weka swichi ya volti chaja ikiwa imezimwa. Betri ya 12 ikipewa 24 huchemka na kupasuka.

Ampea: gawa Ah kwa 10. Betri ya Ah 60 inataka ampea 6. Chaja ikiwa na 2 na 10 tu, weka 2 na uiache usiku kucha. Haraka ndiyo inayoua betri. Ya pikipiki ya Ah 7 haifiki hata ampea 1, basi chaja kubwa ya gereji si yake.

Taya nyekundu ifunge kwenye jumlisha. Nyeusi ifunge kwenye chuma kitupu cha injini, mbali na betri, kwa sababu betri inayochajiwa hutoa haidrojeni na cheche moja yatosha kuilipua. Ndipo uchomeke plagi. Kufungua ni kinyume chake: plagi kwanza, nyeusi, mwisho nyekundu. Chajia barazani, si chumbani.

Sasa tazama geji ya ampea kwenye chaja. Sindano huanza juu, ikashuka kadiri betri inavyojaa. Ikikaa sifuri tangu mwanzo, usikimbilie kupandisha ampea. Kwa hewa yetu ya chumvi, vichwa vya betri huota unga mweupe au wa kijani usiopitisha umeme: mwagia maji ya moto yenye magadi soda, sugua kwa brashi ya waya, kausha, ujaribu tena. Sindano isiposhuka baada ya saa nyingi na betri ikawa ya moto upande mmoja, chumba kimoja cha ndani ya betri (seli) kimekufa. Zima.

Kitufe cha START ni cha kusaidia kuwasha gari tu. Chaji kwanza dakika 5 hivi, bonyeza, piga starti isiyozidi sekunde 5, pumzisha dakika 3. Gari ikiwaka, rudisha swichi mara moja.

Swichi ya SUPPLY ndiyo inayochanganya wengi. Hii si ya kuchajia. Hutoa volti 13.6 hivi zisizobadilika, ili redio isipoteze kumbukumbu unapobadilisha betri, au ujaribu taa bila betri. Chaja za kisasa hazitoi umeme mpaka zihisi betri, lakini kwenye SUPPLY taya huwa na umeme hata zikiwa hewani, na katika baadhi yake ulinzi wa kugeuza nyaya huzimika. Ukikosea nyekundu na nyeusi hapo, fyuzi ikiungua una bahati. Taa mbili za mbele za wati 55 hula karibu ampea 9, basi chaja ya ampea 10 imeshafika mwisho, starti usiiguse.

Umeme ukikatika na kurudi, rudi ukaangalie taa za chaja. Za vitufe nyingine husahau zilipokuwa.

Ukimaliza, acha betri itulie saa chache, upime: 12.6 na zaidi imejaa, 12.2 ni nusu. Maji ya betri, yale safi yasiyo na asidi, yaongezwe baada ya kuchaji. Kabla yake ongeza tu kama sahani za risasi za ndani ya betri zimeonekana juu ya maji, na kiasi cha kuzifunika.